Matone Tisa ya Lehemu

Shule niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia makosa. Lakini hapa Johannesburg ukiuliza fundi wa vinanda vya zamani, umuulize mhadhiri kule Braamfontein au mzee wa kanisa la Wakenya kule Randburg, wote watakuelekeza Yeoville, mlango wa bluu, kati ya saluni ya akina dada wa Kikongo na duka la fundi cherehani. Hapo ndipo kwangu. Chumba nimepanga, ila kila kilichomo ndani nimekitafuta kwa mikono hii.

Nimefungua piano zilizokuja na meli enzi za wakoloni, zikapandishwa huku juu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Nimefufua gramafoni za kuzungusha kwa mkono, mandolini za Wareno, kodiani za makaburu zinazonuka tumbaku mpaka leo. Bwana mmoja mwenye shahada sijui ngapi aliniletea fidla ya babu yake, akasimama kuniangalia ninavyofanya kazi, mwisho akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia, "Humo humo ndani ya vinanda." Akacheka, lakini niliona anaandika kwenye kidaftari chake.

Nilianza nikiwa mfagiaji. Kanisa la misheni, nje kidogo ya Morogoro, lilikuwa na kinanda cha kukanyaga kilicholetwa na wamisionari kabla babu yangu hajazaliwa. Panya walikuwa wametoboa mvukuto wake. Padri, mzungu mzee wa maneno machache, alikifungua nyuma ili awatoe, na mimi nikiwa na ufagio mkononi nikaona kilichokuwa ndani: ndimi za shaba zimepangwa mstari, mamia, nyembamba kama majani ya mchaichai, kila ulimi na sauti yake. Sikufagia tena siku ile. Padri hakunifukuza. Alitoa mfukoni uma wa chuma wenye meno mawili, akaupiga kwenye goti, ukalia. Akasema, "Huu haudanganyi. Ulimi usiokubaliana na huu, una makosa." Darasa langu lote la muziki ni hilo, dakika mbili. Mengine yote nimejifunza mwenyewe. Alipoondoka kurudi kwao aliniachia ule uma, na ninao hadi leo, ingawa siku hizi natumia programu ya kwenye simu. Unalisha sauti, mshale unacheza. Ukigeuka kijani, sauti iko sawa, ukibaki mwekundu, bado.

Kile kinanda kilinipa na mke. Aliimba kwaya pale misheni. Mama yake ni wa Morogoro, baba yake alikuwa Mzulu, mmoja wa wale wakimbizi wa siasa wa Afrika Kusini waliokuwa na makazi yao kule kwetu. Nchi yao ilipofunguka, mzee akachukua familia akarudi. Mimi nikakaa miezi minne, nikashindwa, nikapanda malori na mabasi nikamfuata binti mpaka huku, na mfuko mmoja: tupa tatu, bisibisi, na uma wa padri. Mzee alinipokea vizuri. Alikuwa anapenda kuongea Kiswahili na mimi sebuleni ili wageni wasijue tunamsengenya nani.

Huyo mzee alifariki. Nianzie kwenye mazishi yake, maana niliona kitu ambacho sikukielewa. Kaka yake mkubwa, ambaye mke wangu anamwita Baba Mkubwa na mimi nikamfuata kumwita hivyo, alisimama kando ya kaburi mikono mitupu, viganja vimeangaliana kama mtu aliyeshika sanduku dogo, na vidole vinacheza. Hakuna sauti. Vidole tu. Nikadhani ni uzee.

Huku desturi ni kwamba mtu akishazikwa, mwaka hivi ukipita, familia inarudi kaburini kufunua jiwe. Jiwe linakuwa limefunikwa shuka, watu wanaomba, wanafunua, wanakwenda kula. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mke wangu aliingia dukani na foronya iliyofungwa fundo, akaiweka juu ya meza yangu polepole, kama amebeba mayai.

Ndani kulikuwa na konsatina. Kwa asiyeijua, ni mdogo wake kodiani: visanduku viwili vya pembe sita, mvukuto katikati, vitufe kila upande, unaivuta na kuibana. Kitufe kimoja kinatoa sauti mbili, moja ukivuta na nyingine ukibana. Wakati wa wakoloni zilijaa maduka yote ya huku, na vijana waliokuja migodini na viwandani walinunua hizo kabla hawajanunua viatu. Hii ilikuwa ya Baba Mkubwa. Mvukuto ulikuwa umepasuka kwenye mikunjo miwili.

"Ilipasuka wiki ile ya msiba," mke wangu akasema. "Ndiyo maana hakupiga."

"Alitaka kupiga kaburini?"

Akanieleza. Wakiwa vijana ndugu hao wawili waliishi hosteli moja ya wafanyakazi hapa mjini. Jumapili Baba Mkubwa alikuwa anatembea mbele anapiga, mdogo wake anafuata nyuma. Siku mdogo alipotoroka kwenda kuvuka mpaka, kaka yake alimsindikiza mpaka stendi akipiga konsatina barabarani mchana kweupe, ili kila anayewaona, polisi au mpelelezi, aone vijana wawili wa Jumapili tu. Hawakuagana kwa maneno. Aliporudi baada ya miaka yote ile walitembea tena hivyo hivyo, wazee, kwenye barabara ya nyumbani kwao. Na siku ya mazishi, pale mikono ilipokuwa mitupu, Baba Mkubwa alimwambia marehemu amsubiri mpaka siku ya jiwe, atamsindikiza.

"Amekataa mafundi wote," mke wangu akasema. "Nimembembeleza mwezi mzima. Nimemwambia mume wangu anatengeneza piano za wazungu. Sasa nisikilize, baba watoto. Ziba mvukuto. Basi. Kingine usiguse."

"Unaniambia mimi?"

"Wewe ndiye ninayekuambia."

Mvukuto niliuziba siku hiyo hiyo. Ngozi laini ya mbuzi nilichukua kwa jirani yangu, fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi anayeshona pia mikoba. Kazi ilitoka safi; hata leo huwezi kuona pa kuungia labda nikuonyeshe. Ningeishia hapo ningekuwa sina cha kuandika. Lakini mimi siwezi kurudisha kitu kikiwa nusu. Nikabonyeza vitufe kimoja kimoja mbele ya simu. Mshale mwekundu. Mwekundu. Kijani. Mwekundu tena. Kuna sauti zilikuwa zimeshuka mpaka programu haikujua iziite nini.

Nikafungua. Ndimi zilikuwa za shaba, za zamani, nzuri. Lakini tisa kati yake zilikuwa na tone la lehemu kwenye ncha, ile risasi ya kuunganishia nyaya za redio. Matone mabaya, makubwa kwa madogo, hakuna lililofanana na mwenzake. Ukiweka uzito kwenye ncha ya ulimi, sauti inashuka, hilo linajulikana. Nikamwita jirani aje kushuhudia.

Akainama, akavua miwani. Mimi huniita Vieux, yaani mzee. "Vieux, hii haiko lehemu. Hii iko mavi ya njiwa."

"Kuna watu waliitwa mafundi kwenye hii dunia," nikasema.

"Banakulaga tu makuta ya batu," akasema, yaani walikuwa wanakula tu pesa za watu. Tukacheka mpaka dada mmoja wa saluni akachungulia.

Nikapiga picha, maana nina tabia ya kupiga picha kila kazi, "kabla" na "baada", naweka kwenye hali yangu ya WhatsApp wateja waone. Kisha nikayakwangua matone yote tisa. Nikazipitisha ndimi tupa pale zilipohitaji. Siku mbili nzima, tena bila kuombwa, zawadi kwa familia. Nilipomaliza, kila kitufe, ukivuta, ukibana, mshale kijani. Ile konsatina haijawahi kuwa sawa kiasi hicho tangu itoke kiwandani, hilo nalisema hata leo. Nikabandika ndani karatasi yangu yenye namba ya duka.

Jumapili tukaipeleka kwa Baba Mkubwa, Soweto, anakoishi kwenye chumba cha uani kwa binti yake. Alikuwa amevaa koti na kofia, amekaa kwenye kiti nje, anatusubiri. Mzee mrefu, nyonga ya kushoto imechoka, lakini hatumii fimbo. Aliupapasa mvukuto kwa kidole gumba. Akatikisa kichwa kukubali. Akaniangalia, akasema kwa Kizulu, "Mkwenyana, una mikono," na mkwenyana ndiyo mkwe. Mimi Kizulu nakielewa vizuri, nina miaka thelathini hapa. Nikamwangalia mke wangu nione kama amesikia.

Akasimama, akaanza kutembea kuelekea getini huku anapiga. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama. Akarudi pale alipoanzia. Akaanza tena. Akasimama mahali pale pale.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Yako, Baba Mkubwa," nikasema.

"Hapana. Hii ya kanisani."

Nikadhani ananisifu. Nikaanza kueleza: nilikuta sauti tisa zimeharibika, fundi wa kwanza alizimwagia risasi ovyo, mimi nimezitoa zote, sasa ndimi zimenyooka. Nikamtolea na simu nimwonyeshe kijani. Mke wangu alikuwa ananikanyaga mguu tangu neno la kwanza, na mimi nikasogeza mguu nikaendelea.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa, akaifunga konsatina kamba yake, akairudisha ndani ya foronya, akafunga fundo. Akasema, "Asante kwa mvukuto." Akaingia ndani. Chai iliyokuwa imepikwa hatukuinywa.

Kwenye gari mke wangu alisubiri mpaka tulipofika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, nazo nyekundu.

"Nilikuambia nini?"

"Nimezinyoosha."

"Nilikuambia nini?"

"Niguse mvukuto tu."

"Umegusa nini?"

Taa ikawa kijani, sikuondoka. Nyuma wakapiga honi. "Zilikuwa na makosa, mama," nikasema. "Ungeziona. Mavi ya njiwa."

"Yale mavi ndiyo Baba Mkubwa aliyomsindikizia baba yangu," akasema. "Endesha gari."

Sasa nieleze nilichokuwa sikijui, na sioni aibu, kwa sababu hata wahadhiri wa Braamfontein niliowauliza baadaye wengi hawakijui. Konsatina ilipotoka dukani ilikuwa na sauti za nyimbo za makaburu na za kanisa. Wazulu hawakuzichukua hivyo. Aliyenunua aliipeleka kwanza kwa mtu wa kupanga sauti, aipange upya mpaka ikubali nyimbo zao za kutembea. Kwa hiyo nilichokikuta ndani hakikuwa uharibifu. Kilikuwa kazi ya fundi, na mimi nimeikwangua nikaifagia.

Haya niliambiwa na Baba Mkubwa mwenyewe siku ya Jumanne. Nilikwenda peke yangu asubuhi. Nilivua kofia nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, chini kuliko kiti chake, kama inavyompasa mkwe. Aliniacha nikae. Alimaliza uji wake, akaosha bakuli, akalifuta, akalifunika.

"Nimekosea, Baba Mkubwa," nikasema. Maneno hayo kinywani mwangu yalikuwa mapya; mke wangu anaweza kushuhudia.

"Aliyeipanga alikuwa mtu wa kuwasha moto wa maji ya kuoga pale hosteli," akasema, kama hakunisikia. "Hakuwa na simu ya kumwambia kijani. Unajua alikuwa na nini?"

"Sijui, Baba."

"Miguu yangu. Nilitembea kutoka kitandani mpaka getini, yeye nyuma yangu, karibu hivi," akaonyesha kiganja. "Anasikiliza mguu unatua wapi na sauti inatua wapi. Kila mtu ana mwendo wake. Akifika getini anasema, lete. Anaweka risasi. Tunarudi. Jumamosi nne."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko na mdogo wangu."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya "kabla". Nimepiga picha vizuri, mwanga mzuri, matone yote tisa yanaonekana, kila moja kwenye ulimi wake. Aliishika simu mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

"Unaweza kuyarudisha?"

Hapo ndipo mtu kama mimi anapopata shida. Ningesema ndiyo, kwa sababu tangu nizaliwe nasema ndiyo. Lakini picha inaonyesha tone liko wapi, haionyeshi lina uzito gani, na uzito wa punje ya mchele unatosha kuhamisha sauti. "Mahali pake napajua," nikasema. "Uzito wake sijui. Labda utembee tena."

Akavaa kofia.

Alikuja Yeoville siku nne mfululizo. Nilikuwa namfuata Soweto asubuhi, namrudisha jioni. Kwanza nilijaribu ndani, lakini duka langu ni hatua sita, akasema hatua sita ni za mfungwa. Tukatoka barabarani. Alitembea kutoka mlangoni kwangu, mbele ya saluni, mpaka spaza, kile kiduka cha kwenye kona, na mimi nyuma yake, karibu kiganja kimoja, nainama nisikie, masikio kwenye mgongo wa koti lake. Mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, fundi anayejulikana mji mzima.

Akina dada wa saluni waliweka viti nje.

"Papa, ule anakuibia nini mfukoni?" mmoja akamuuliza mzee.

"Haibi," mwingine akajibu. "Anasikiliza kama tumbo la mzee liko na njaa."

Mzee Kiswahili alikuwa hajui, lakini kicheko alikijua. Akaniambia kwa Kizulu bila kugeuka, "Wanasemaje?"

"Wanasema unapiga vizuri, Baba."

"Muongo. Ulimi wa tatu bado uko juu. Chini kidogo."

Ndivyo tulivyofanya. Anafika kwenye spaza, anasema lete, namfungulia pale pale kwenye kaunta ya spaza au narudi nayo mezani, naongeza tone, nalikwangua kwa kisu kidogo, narudisha, tunaanza. Simu niliiacha kwenye droo. Siku ya kwanza sikusikia kitu, nilikuwa naongeza na kupunguza kwa amri yake tu. Siku ya pili mchana ndipo nilipoanza kukamata. Mguu wa kulia ulitua mzito, na wa kushoto, ule wenye nyonga mbovu, ulichelewa; na sauti moja ya chini ilitakiwa ivute muda ule ule wa kuchelewa, imsubiri. Nikamwambia, "Hii ishuke zaidi, Baba. Nyonga yako imebadilika tangu hosteli." Akasimama katikati ya watu, akageuka kuniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ishushe," akasema.

Nilishusha. Akapita mbele ya saluni mpaka kwenye kona, akarudi bila kusimama. Fundi cherehani alitoka mlangoni na sindano mdomoni, akaitoa. "Vieux," akaniambia, "ile mavi ya njiwa inaanza kuimba."

Ijumaa, kesho yake ndiyo siku ya jiwe, tulikuwa tumebakiza tone moja, la tisa. Ulimi wake ulikuwa ule niliouonea zaidi na tupa wakati nanyoosha. Nilipougusa na chuma cha moto ulipasuka kwenye shina. Mlio mdogo sana. Mzee hakuusikia, alikuwa amekaa anakunywa soda. Mimi niliusikia.

Ulimi wa shaba wa zamani hivyo huwezi kuununua popote hapa. Nina masanduku ya vipuri, nikayapindua yote. Chuma, chuma, ndimi za kodiani fupi mno. Mzee akatazama saa yake, akatazama mimi.

"Umevunjika," nikasema.

Aliweka chupa chini.

Dirishani kwangu kuna kinanda cha kukanyaga. Kila anayekuja anakiuliza na kila mmoja namwambia hakiuzwi. Nilikikuta kwenye kanisa lililofungwa, kimewekewa ndoo za rangi juu, na ni ndugu kabisa na kile cha misheni kwetu. Nilikifanyia kazi miezi kumi na moja. Hakuna ulimi humo ambao hautii uma wa padri. Ukitaka kujua mimi ni nani, nilikuwa nakukalisha pale, nakanyaga, nakuachia usikilize.

Nikakisogeza kutoka ukutani. Nikafungua nyuma. Nikatafuta unene na urefu unaofaa, nikakuta mmoja, katikati kabisa, unaotumika karibu kila wimbo. Nikauchomoa kwa koleo. Nikaukata, nikaupunguza kwa tupa, nikaufunga kwenye bati la konsatina kwa msumari wa shaba nilioutengeneza mwenyewe. Nikaweka tone. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo, karibu kiganja kimoja.

Tukatoka. Saluni walikuwa wanafagia nywele, wakasimamisha ufagio. Alitembea mpaka kwenye spaza, akavuka kona, akaendelea, na mimi nyuma yake, tukazunguka jengo zima tukarudi mlangoni kwa upande wa pili. Akaibana konsatina ikatoa pumzi yake ya mwisho.

"Siyo ile," akasema.

Nikanyoosha mkono kuipokea.

"Ile ilikuwa ya kijana. Lakini inatembea." Akafungua upande wa pili, akaona karatasi yangu niliyobandika ndani, akaniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia ni namba ya duka. "Iache," akasema. "Ikiharibika wajue wakufuate wapi."

Kesho yake makaburini tulipanga mstari getini, familia yote, wajomba, mashangazi, wazee wenye makoti, wakisubiri nani aanze kuingia. Baba Mkubwa akasimama mbele. Mimi nilikuwa nimekwenda nyuma kabisa pamoja na vijana na wakwe wenzangu, mahali pangu. Akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Mkwenyana! Mtu wa kupanga anakaa nyuma yangu."

Wazee wawili walitazamana. Mke wangu akanisukuma mgongoni. Nikapita katikati ya watu wote wale, nikasimama nyuma yake, nikainama.

Alianza. Kutoka getini mpaka kwenye jiwe ni mbali, barabara ya changarawe, na changarawe inasema kila mguu unapotua. Wa kulia mzito, wa kushoto unachelewa, na ile sauti ya chini inamsubiri. Nyuma yangu wanaume wakaanza kukanyaga kwa pamoja. Katikati ya njia nilishindwa kujizuia, nikatoa simu, nikaifungua ile programu bila kuonekana. Mshale ulikuwa mwekundu. Nikaiacha wazi mkononi. Ulibaki mwekundu tukipita makaburi ya zamani, mwekundu tukikata kona, mwekundu mpaka mzee aliposimama mbele ya shuka jeupe na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, "Tumefika, mdogo wangu."

Niliirudisha simu mfukoni. Kazi ile niliifanya mimi. Anayebisha aje Yeoville, akae kwenye kile kinanda cha dirishani, abonyeze katikati. Atakuta kitufe kimoja hakilii, na nitamweleza kwa nini sikijazi.